Mpini Ulipotoka Bila Mwenyewe

Asubuhi ile nilipanda mlimani nikiwa nimemnunia kabisa, na nilitaka aone. Nilimpita Fundi pale kwenye mdomo wa handaki bila salamu, nikaweka chupa ya chai juu ya jiwe, nikakaa chini na kumpa mgongo.

"Swichi," akaniita.

Kijiji kizima kinaniita hivyo. Mimi ndiye ninayewasha na kuzima mashine ya umeme, na jina limeniganda hata mama yangu mzazi analitumia akiwa na furaha. Akiniita kwa jina langu la kuzaliwa, najua nimeharibu mahali.

"Swichi, si nakuita?"

"Nasikia. Kununa sijanuna masikio."

Akacheka. Mwanaume huyu ana kicheko kinachoanzia kooni na kuishia machoni, na mimi kwa ujinga wangu niligeuka kukitazama. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji mkavu, mabuti ya mpira yamejaa tope mpaka magotini, taa ya kichwani ameisukuma juu ya paji la uso. Macho yetu yakakutana. Nikasahau kidogo kwamba nimenuna, halafu nikakumbuka.

Kabla sijaendelea niwaeleze kazi yetu, maana yaliyotokea siku ile yametokana na kazi. Umeme wetu ni wa maji. Mto tumeubana kule juu, mahali tunapopaita banioni, na pale kuna lango la chuma. Lango likifunguliwa, maji yanaingia kwenye mfereji, yanapita katikati ya kilima kwa handaki la hatua themanini, yanatokea mdomo wa chini, pale tulipokaa, yanafuata mfereji tena kidogo na kuteremka kwenye bomba kubwa hadi nyumba ya mashine. Vijiji vitatu vinawaka taa kwa maji hayo, na zahanati, na mashine ya kusaga ya kaka yangu. Mvua ikizidi, mchanga unajaa handakini, na hapo hakuna ujanja. Lazima lango lifungwe, umeme uzimike, na mtu aingie na koleo.

Sasa mtu akiwa mle ndani na lango likafunguliwa, habari yake imekwisha. Ndiyo maana tuna sheria moja ambayo haina mjadala. Lango halizunguki bila mpini wake, chuma kilichopinda, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Anayeingia handakini anauchomoa na kuingia nao, umefungwa kiunoni. Ukiuona mpini uko nje, ujue mtu ametoka. Hata watoto wa darasa la kwanza wanalijua hilo.

"Umewajibu wale watu wa mlima mwingine wanaokuita?" nikamuuliza.

"Nimewajibu."

"Umekubali."

"Nimewaambia nitakwenda, ndiyo. Swichi, vijiji nane kule, mto unapita mlangoni kwao na wanasomea kibatari. Mimi niseme hapana?"

"Ungesema utafikiri!"

"Nimefikiri. Nimefikiri tukiwa wote wawili. Twende wote."

"Na hapa nani atawasha mashine? Wewe ulinifundisha miezi minane, na mpaka leo unaniuliza kama nimekaza nati. Leo nimfundishe nani kwa wiki tatu zilizobaki kabla hujaondoka?"

"Basi nisubiri."

"Mwaka mzima?"

Akainama kukwangua tope kwenye buti. Na mimi nikajua ni miwili.

Nilitaka kulia lakini nikaona aibu, nikamimina chai. Tulikunywa kikombe kimoja, akinywa yeye kisha mimi. Kidole chake kikagusa changu akakiacha pale. Sijui nyie wenzangu mnafanyaje mkiwa na hasira na mtu mnayempenda hivi. Mimi nilitaka kumsukuma mferejini na kumshika asianguke, vyote kwa pamoja.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mama, na aliniita kwa jina langu la kuzaliwa.

"Shangazi yako amefika," akasema. "Anataka akusikie kwa mdomo wako mwenyewe, na kaka yako yupo. Njoo sasa hivi, tumalize haya mambo ya huyo fundi wako."

"Mama, tuna kazi huku."

"Kazi haitakimbia. Shangazi ana safari."

Nikakata simu nikamwangalia Fundi. "Naitwa kwenye kikao chako."

"Bila mimi?"

"Wewe ndiye ajenda."

Akasimama, akaanza kufungua kamba kiunoni. Akautoa mpini, akaufuta tope kwa kiganja, akaninyooshea.

"Wa nini?" nikauliza.

"Nenda nao."

"Umemaliza?"

"Bado mchanga wa pale kwenye kona. Nusu saa tu."

"Basi mpini unaingia na wewe. Usinichezee."

"Nisikilize kwanza." Alishika mkono wangu na kufunga vidole vyake juu ya vyangu, chuma kikiwa katikati, baridi. "Kaka yako anasema mimi mpitaji. Mama yako anasema sina cha kukupa. Pete sina, kweli. Lakini mwaka mzima naingia mle na hiki chuma kiunoni kwa sababu simwamini mtu. Leo nataka kikae kwako. Kaa nacho pale kwenye kikao chao. Wakikuuliza huyu mwanaume amekupa nini, wewe ujue moyoni kwamba amekuachia roho yake."

Jamani. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningemtukana. Ningemwambia acha upuuzi, funga chuma chako kiunoni au toka nje. Ndiyo kazi yangu kusema hivyo. Lakini alikuwa ni yeye, na alikuwa ananitazama vile, na mimi nilikuwa nimetoka kumfokea. Nikauchukua.

"Nusu saa," nikamwambia.

"Nusu saa. Waambie nakupenda."

"Waambie mwenyewe," nikajibu, nikashuka kilima na mpini kwapani, nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

* * *

Nyumbani kwetu na mashine ya kaka ni ukuta kwa ukuta. Kina mama walikuwa wamepanga magunia yao mpaka barabarani, wengine wamekalia mahindi yao tangu alfajiri.

"Swichi! Umeme lini? Watoto watakula magunzi?"

"Punde tu, mama zangu."

"Punde yenu ina miguu mifupi!"

Nikapenya mpaka sebuleni. Shangazi alikuwa amejaa kwenye kochi kubwa, kikombe mkononi, viatu amevua. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama ananizuia nisitoroke. Kaka alisimama dirishani, unga kichwani na kwenye nyusi, mikono nyuma. Nikaamkia. Nikauweka mpini juu ya meza, kando ya sahani ya mkate, nikakaa mbele yake ili niweze kuuona.

"Haya," shangazi akasema. "Huyo mwanaume ana kwao?"

"Ana kwao, shangazi."

"Ana mke huko kwao?"

"Hana!"

"Umeenda ukaangalia?"

"Shangazi, jamani."

"Usiniambie jamani. Mimi mume wangu wa kwanza pia hakuwa na mke, mpaka mke alipokuja."

Mama hakucheka. "Mimi sina neno na tabia yake," akasema taratibu. "Ana adabu, anasalimia. Neno langu ni moja. Baba yako aliingia kwenye machimbo ya mawe asubuhi akiwa mzima, jioni tukaletewa kofia. Huyu naye kazi yake kila mwezi ni kuingia chini ya kilima. Nikupe kwake ili uje ukae kama nilivyokaa mimi?"

"Mama, handaki si machimbo. Kuna utaratibu."

"Hata baba yako aliniambia kuna utaratibu."

Kaka akageuka kutoka dirishani.

"Mimi sijali utaratibu. Huyu ni mpitaji. Mafundi wote ni wapitaji. Anafunga mashine, anafungua mioyo ya watoto wa watu, halafu anahamia mlima mwingine. Si anaondoka? Kataa kwamba haondoki."

"Nani amekwambia?"

"Kijiji kizima kinajua isipokuwa wewe uliyejifunga macho. Nimekulea tangu una miaka tisa. Sitakutoa kwa mtu mwenye begi mlangoni."

"Hukunilea ili unifungie ghalani!"

"Wee!" shangazi akaingilia. "Unamjibu nani hivyo?"

Hapo moto ukawaka. Nikamgeukia shangazi, nikasema yote niliyokuwa nayo na mengine sikujua kama ninayo. Nikasema nina miaka ishirini na nane. Nikasema vijiji vitatu vinaniamini na umeme wao lakini familia yangu hainiamini na moyo wangu. Shangazi naye hakuwa mtu wa kuachiwa uwanja. Alinijibu neno kwa neno. Mama akawa anatuliza huku na huku. Nje kina mama wakapaza sauti tena juu ya umeme, nikasikia mlango unafunguliwa na kufungwa, nikadhani kaka amechoka na kelele zangu.

Tulibishana muda mrefu. Mwisho shangazi akashusha pumzi, akaweka kikombe chini, akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa:

"Unampenda kweli?"

"Nampenda, shangazi. Mpaka naogopa."

"Hm," akasema. "Basi kamlete tumwone."

Nilisimama kwa furaha. Nikanyoosha mkono mezani kuchukua mpini. Sahani ya mkate ilikuwepo. Mpini haukuwepo.

Nikainama chini ya meza. Nikainua gazeti.

"Mama, kile chuma kiko wapi?"

"Chuma gani?"

"Mpini! Mpini wa lango, nimeuweka hapa!"

"Si amechukua kaka yako," shangazi akasema, akitafuta viatu vyake kwa miguu. "Ulikuwa unanijibu jeuri. Kauona, akasema afadhali wamemaliza, akatoka kwenda kufungua maji. Kwani vipi?"

Nakumbuka nikihesabu. Kutoka nyumbani hadi banioni kwa njia ya mgongo wa kilima ni dakika ishirini. Kaka ametoka lini? Robo saa? Zaidi?

"Yumo ndani," nikasema. "Mama, Fundi yumo ndani!"

"Na mpini uko hapa?"

"Alinipa mimi!"

Nikapiga simu ya kaka. Haikupatikana. Ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi, maana umeme tumeuzima sisi wenyewe. Nikapiga ya Fundi nikijua kabisa ndani ya mwamba hakuna mtandao.

Mama alikwisha simama. Mama yangu ana magoti mabovu. Kilima kile hajakipanda tangu tulipomzika baba. Akafunga kitambaa chake kichwani kwa nguvu.

"Wewe nenda handakini, una miguu," akasema. "Mimi nakwenda kwenye mgongo wa kilima nikamwite."

"Hutafika, mama!"

"Sauti yangu itafika. Kimbia!"

* * *

Nilikimbia mpaka kifua kikataka kupasuka. Njiani nilikuwa naongea na kaka kana kwamba yuko mbele yangu. Nikamwambia taratibu kaka, taratibu, usisahau utaratibu. Maana lango lile halifunguliwi kwa pupa. Unazungusha mara tatu, unasubiri dakika kumi mfereji ulowe usije ukapasuka, ndipo unafungua zaidi. Fundi alimfundisha mwenyewe, na kaka kwa mashine yake huwa makini kuliko sisi. Nikamwomba Mungu amfanye makini na leo. Halafu wazo baya likaniingia: hampendi huyu mwanaume. Je, kama anajua? Nikalifukuza wazo hilo nalo likarudi, likanikimbiza mpaka juu.

Mfereji kwenye mdomo wa chini wa handaki ulikuwa mkavu. Chupa ya chai ilikuwa palepale juu ya jiwe.

"Fundi!"

Nikasikia sauti yake, mbali, ndani ya mwamba. Haikuwa sauti ya mtu anayefanya kazi.

"Swichi! Mguu! Jiwe limenilalia mguu!"

Niseme ukweli wangu. Nilisimama pale mlangoni na miguu ikagoma. Mimi sijawahi kuingia mle. Handaki lile ni la kuinama, kimo chake kinaishia kifuani, na ndani giza lake ni zito mchana na usiku. Nilimwona baba na kofia yake. Nikalia kwa sauti, nikawasha tochi ya simu, nikaingia nikiwa nalia.

Nilimkuta kwenye kona, kama hatua hamsini ndani. Alikuwa amekaa kwenye mchanga, mgongo ukutani, koleo limevunjika mpini. Jiwe la ukubwa wa gunia la unga lilikuwa limeteleza kutoka pembeni na kubana buti lake la kulia. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Kumbe umesikia," akasema. "Nimeita mpaka sauti imekauka. Polepole, Swichi, tuna muda. Nenda kamlete kaka yako na mtaimbo."

"Hatuna muda."

"Kwa nini?"

Akanitazama kiunoni, akanitazama mikono mitupu, akaelewa. Nilimwona akielewa, na sitaki kukiona kitu kile tena katika maisha yangu.

"Nani?" akauliza.

"Kaka. Aliuona mezani. Nisamehe."

Kabla hajajibu, upepo ukatupiga usoni. Upepo wa baridi, wenye harufu ya mto, ukitoka upande wa juu ambako hakuna upepo. Sote wawili tulijua ni nini. Maji yakija yanasukuma hewa mbele yake.

"Toka," Fundi akasema.

"Sogeza mguu."

"Swichi, toka nje. Mara tatu za kwanza zitafika magotini. Akizungusha tena yanafika kwenye dari. Una dakika kumi. Toka!"

Nikapiga magoti, nikaanza kuchimba chini ya buti kwa mikono na kipande cha koleo. Maji yakafika. Yalianza membamba, yakapita katikati ya vidole vyangu, kisha yakaja kwa mkupuo yakanilowesha mapaja. Nilipiga kelele kwa ule ubaridi. Mchanga niliouchimba ukaanza kuondoka wenyewe na maji, na shimo langu likakua.

"Nakuamuru kama fundi wako," akasema, meno yakigongana. "Toka handakini."

"Na mimi nakukatalia kama mke wako! Vuta!"

Akanikazia macho. "Umesema nini?"

"Nimesema vuta mguu!"

Akavuta, akapiga yowe. Jiwe likacheza kidogo likarudi palepale. Simu yangu ikaangukia majini ikazimika, tukabaki na taa ya kichwani kwake, ikinimulika machoni. Nikaomba kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua. Nikajaza kifua, nikaweka bega kwenye jiwe.

"Kwa pamoja," nikasema. "Moja, mbili..."

Upepo wa pili ukaja. Huu ulikuwa na mngurumo ndani yake.

"Amezungusha tena," Fundi akasema. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, mikono yenye tope na damu. "Nisikilize. Sijawahi kuwa mpitaji kwako. Hata siku moja. Sasa niache uende."

"Siendi popote. Tatu!"

Nilisukuma nikasikia kitu kinatatuka mgongoni. Yeye akavuta, akalia kama mtoto, na mguu ukatoka bila buti. Tukaanguka majini wote wawili. Maji yalikuwa yamenifika kiunoni na yanatusukuma kutoka nyuma, hayakungoja tutambae. Nilimshika kola, yeye akanishika mkono, tukaburuzwa, kichwa changu kikagonga dari, nikameza maji, nikaona mdomo wa handaki kwa mbali, duara dogo la mwanga, nikawaza tu kwamba hatutafika, hatutafika, na mama amebaki peke yake.

Halafu maji yakalegea. Yakashuka kutoka kifuani kuja kiunoni, kutoka kiunoni kuja magotini. Nikadhani nimekufa, kwamba ndivyo inavyokuwa. Fundi ndiye aliyesema.

"Amefunga. Swichi, kuna mtu amefunga lango."

Na hapo, kwa mbali, kupitia kwenye mwamba au kupitia mdomoni mwa handaki, sijui, nikasikia sauti ya mama yangu. Ilikuwa haina maneno tena. Alikuwa anapiga yowe moja refu juu ya mgongo wa kilima, anavuta pumzi, anapiga jingine.

* * *

Tulilala juu ya majani kando ya mfereji, tukitetemeka. Kifundo cha mguu wake kilikuwa kimevimba na kuelekea kusikofaa. Watu walianza kupanda kutoka kwenye foleni ya mashine, mahindi na magunia wameyaacha. Kaka alitokea upande wa juu akikimbia, mpini mkononi. Alipotuona alianguka magotini.

"Niliuona mezani," akasema. "Nikajua ametoka. Wallahi nilijua ametoka. Nilikwisha zungusha mara saba ndipo nikamsikia mama." Vidole vyake bado vilikuwa vimeung'ang'ania mpini. "Nusura niue mtu."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, wa pili akaitikia. Nilisikia wanachosema: si alikuwa hamtaki, si kila mtu anajua. Kaka naye alisikia. Aliinamisha kichwa na hakujitetea.

"Kosa langu," Fundi akasema haraka. "Mpini uliniponyoka nikauacha njiani. Ameuokota mtu. Asilaumiwe yeyote."

Alinitazama akiniomba ninyamaze. Ningenyamaza, kazi yangu ingebaki, jina langu lingebaki, na kaka yangu angeishi na minong'ono ile maisha yake yote.

"Hakuudondosha," nikasema. Sauti ilinitoka ikiwa imekwaruza. "Alinipa mimi, na mimi nikaupokea. Nilijua haifai nikaupokea. Kaka alifuata sheria. Aliyeivunja ni mimi na huyu."

Mama alikuwa amefika, shangazi amemshika kwapa, sauti imemkauka kabisa. Alikuja moja kwa moja hadi pale tulipolala. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye majani, akakichukua kichwa cha Fundi akakiweka mapajani mwake, akaanza kumtoa mchanga masikioni kwa ncha ya kitambaa chake.

"Kwa nini ulimpa?" akamuuliza kwa mnong'ono.

"Nampenda, mama."

"Ndiyo ulitaka kunifia hivyo, kwa sababu unampenda?"

Fundi akafumba macho. Jibu nilikuwa nalo mimi, nilikuwa nimelipata mle ndani, na lilinitisha kuliko maji.

"Nenda kule mlima mwingine," nikamwambia.

Akageuza shingo. "Unanifukuza?"

"Nakupeleka kazini. Kule utapata mtu asiyekupenda. Ukimpa roho yako aishike, atakwambia toka hapa, acha ujinga, ingia na mpini wako. Mimi nilishindwa kukwambia. Ulinitazama tu nikashindwa. Ukibaki hapa, nitashindwa tena, na mama hana sauti nyingine."

Alianza kulia, mwanaume mzima, mbele ya foleni nzima ya mashine. "Na nikimaliza kazi kule?"

"Unarudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Usiniulize maswali ya kijinga na wewe ni mume wangu."

Shangazi akaguna kwa nguvu, akasema sasa huyu mtu amekwisha mwona na safari yake ameahirisha. Kaka alisimama, akampa mama mpini, akageuka akachuchumaa na kumpa Fundi mgongo.

"Panda," akasema. "Zahanati iko mbali na mguu huo haufiki."

Fundi akapanda mgongoni kwa kaka yangu. Tuliteremka kilima polepole, kina mama wakitupisha njia, na mimi nilitembea ubavuni nimemshika kidole kimoja, nikiogopa kukiachia.